Jasusi ni Nani? Filamu ya Bridge of Spies, Historia na Uteuzi wa Neno katika Kiswahili



1. Utangulizi

Baadhi yenu mlitarajia kwamba leo ningezungumzia lahaja, uwanja ambao nimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Nimechagua filamu, na sababu yake ni swali la mwanafunzi. Alikuwa akitayarisha tafsiri ya Kiswahili ya mazungumzo ya filamu ya Steven Spielberg iitwayo Bridge of Spies, iliyotoka mwaka 2015, akaja ofisini kwangu kuniuliza: jina lake kwa Kiswahili liwe Daraja la Majasusi au Daraja la Wapelelezi? Nilimjibu haraka kwamba maneno hayo ni visawe, achague lolote. Alipoondoka nilitambua kuwa nimemjibu vibaya.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba maneno hayo mawili si visawe kamili, na kwamba katika filamu ya kijasusi inayotokana na matukio ya kweli, neno analolichagua mfasiri linaweza kutoa hukumu kabla ya hakimu kutoa yake. Nitaanza kwa kueleza kisa chenyewe kama historia inavyokijua, kisha nitachambua msamiati wetu. Baada ya hapo nitaurudia mkasa huo kwa macho ya mwanaisimu, na mwisho nitatoa mapendekezo machache kwa wafasiri.

2. Kisa na filamu

Tarehe 21 Juni 1957, katika Hoteli Latham mjini New York, maofisa wa uhamiaji wa Marekani walimkamata mtu aliyekuwa amejiandikisha kwa jina la Martin Collins. Wapelelezi wa FBI walikuwa wametangulia kuingia chumbani kumhoji. Mtu huyo alikuwa na chumba cha kuchorea huko Brooklyn, ambako majirani walimjua kama mchoraji Emil Goldfus. Baada ya kukamatwa alisema kwamba jina lake ni Rudolf Ivanovich Abel, raia wa Kisovieti.

Abel alishtakiwa kwa makosa matatu: kula njama ya kupeleka siri za ulinzi wa Marekani nchi ya nje, kula njama ya kuzikusanya, na kula njama ya kufanya kazi kama wakala wa serikali ya kigeni bila kujisajili. Utetezi wake alikabidhiwa wakili James B. Donovan. Filamu inamwonyesha zaidi kama wakili wa bima, jambo ambalo ni kweli, lakini tukumbuke kwamba alikuwa pia amefanya kazi katika idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili na katika mashtaka ya Nuremberg. Mnamo Oktoba 1957 baraza la wazee wa mahakama lilimwona Abel ana hatia. Donovan alimwomba Jaji Mortimer Byers asitoe adhabu ya kifo, na miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hii: huenda siku moja Mmarekani mwenye cheo kama cha Abel akakamatwa na Wasovieti, na hapo Abel akafaa kwa kubadilishana. Tarehe 15 Novemba 1957 Abel alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Donovan alikata rufani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akipinga namna chumba cha hoteli kilivyopekuliwa, akashindwa mwezi Machi 1960 kwa kura tano dhidi ya nne.

Haikupita hata miezi miwili. Tarehe 1 Mei 1960 ndege ya U-2, iliyokuwa ikipiga picha kutoka zaidi ya kilomita 20 angani, iliangushwa karibu na Sverdlovsk, na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa akiwa hai. Alihukumiwa miaka 10. Mnamo Agosti 1961, siku chache baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, mwanafunzi wa Kimarekani wa uchumi, Frederic Pryor, alikamatwa Berlin Mashariki. Baada ya majadiliano yaliyomhusisha Donovan na wakili wa Ujerumani Mashariki Wolfgang Vogel, tarehe 10 Februari 1962 Abel na Powers walibadilishana pande juu ya Daraja la Glienicke, linalounganisha Berlin na Potsdam, huku Pryor akiachiliwa katika kituo cha mpakani kiitwacho Checkpoint Charlie.

Filamu, ambayo mswada wake uliandikwa na Matt Charman pamoja na ndugu Ethan na Joel Coen, inafuata mkondo huo, lakini inaukaza muda. Mtazamaji huhisi kwamba mambo yametukia katika miezi michache, ilhali tangu kukamatwa kwa Abel hadi siku ya daraja ilipita miaka minne na zaidi. Aidha, filamu inaonyesha Pryor akikamatwa penye ukuta akijaribu kumvusha mpenzi wake, hali sivyo ilivyokuwa. Hayo ni mapatano ya kawaida kati ya sanaa na historia. Jambo ambalo filamu haikulibadili ni swali lililo katikati ya kesi: je, mtu akishaitwa jasusi, bado ana haki?

3. Msamiati wetu wa ujasusi

Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu: mpelelezi, jasusi, kachero na shushushu, pamoja na majirani zao haini, msaliti, kibaraka na ndumilakuwili. Nitajikita katika mawili ya kwanza.

Jasusi limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wa j-s-s, ambao maana yake ya awali ni kugusa au kupapasa kwa mkono ili kutambua hali ya kitu. Mzizi huohuo umo katika Sura ya 49, aya ya 12 ya Kurani, pale waumini wanapokatazwa kuchunguzana siri. Kwa hiyo neno lilitufikia likiwa tayari na kivuli cha lawama. Mpelelezi, kwa upande mwingine, ni nomino tuliyoinyambua wenyewe kutokana na kitenzi peleleza, na uwanja wake ni mpana zaidi. Askari anayetafuta mwizi wa ng'ombe ni mpelelezi. Mahakamani husemwa kila siku kwamba upelelezi wa kesi haujakamilika. Katika Biblia ya Union Version, watu waliotumwa na Musa kuichungua Kanaani ni wapelelezi, na ndugu zake Yusufu wanaposhutumiwa huko Misri huitwa wapelelezi vilevile. Tunaona basi kwamba mpelelezi anaweza kuwa wetu au wao. Neno lenyewe haliamui. Muktadha ndio unaoamua.

Je, jasusi huwa ni wa adui siku zote? Kwa wasemaji wengi wa Tanzania, naam, hisia hiyo ni kali. Wasomaji wa riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, wanamjua Willy Gamba kuwa mpelelezi. Ni vigumu kumwita jasusi bila kuhisi kwamba umemvunjia heshima. Idara inayofanya kazi hiyo nchini huitwa ya Usalama wa Taifa, na mtumishi wake huitwa kwa tafsida mtu wa usalama, au kwa lugha ya mitaani, shushushu. Lakini tukivuka mpaka kuingia Kenya hali inabadilika. Huko vyombo vya habari vya Kiswahili huita idara ya taifa ya kazi hiyo Idara ya Ujasusi, bila kejeli yoyote. Neno lililo tusi upande mmoja wa Namanga ni jina la ofisi ya serikali upande wa pili. Mfasiri anayesahau jambo hili atakuwa ameandika kwa ajili ya nusu tu ya wasomaji wake.

Hapa niwatahadharishe wanafunzi juu ya kosa moja. Wapo wanaodai kwamba uhasi wa majasusi unatokana na kiambishi ma-, kwa kuwa kiambishi hicho hutumika katika ukubwa unaodunisha, kama vile majitu. Hoja hiyo haisimami. Nomino nyingi za watu zilizokopwa huchukua ma- katika wingi bila dharau yoyote: madaktari, marais, makarani, marafiki. Tena hupatana kwa upatanishi wa viumbe hai: majasusi wamekamatwa, si yamekamatwa. Uhasi wa neno haumo katika umbo lake la kisarufi, bali umo katika historia ya matumizi yake.

4. Watu watatu, swali moja

Tukiwa na msamiati huo mkononi, turudi darajani. Wanaobadilishwa ni watatu, na kila mmoja analitikisa neno letu kwa namna yake.

Wa kwanza ni Abel. Kwa Wamarekani alikuwa jasusi, na bila shaka kazi aliyoifanya ilikuwa hiyo. Kwa Wasovieti, ambao kwanza hawakumkiri, baadaye alikuwa shujaa: mwaka 1990 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta. Tendo ni lilelile, mtendaji ni yuleyule, lakini neno linageuka kulingana na anayesema. Msaidizi wake, Reino Häyhänen, aliyejisalimisha kwa Wamarekani mjini Paris mwaka 1957 na kumfichua mkubwa wake, alikuwa shahidi mbele ya mahakama ya Brooklyn; huko Moscow alikuwa haini.

Wa pili ni Powers. Yeye alikuwa rubani aliyeajiriwa na CIA, na hakuwa na jina la bandia wala chumba cha kuchorea. Je, ni jasusi? Moscow ilisema ndiyo. Washington ilianza kwa kusema kwamba ndege ilikuwa ya uchunguzi wa hali ya hewa iliyopotea njia. Siku chache baadaye Khrushchev alitangaza kwamba rubani yu hai, na maelezo yale yakaporomoka mbele ya dunia nzima. Katika isimu tunafundisha kwamba tafsida husitiri jambo ambalo pande zote mbili zinalijua na kukubaliana kutolitaja. Hapa hapakuwa na makubaliano hayo. Kwa hiyo maneno ya hali ya hewa hayakuwa tafsida, yalikuwa uongo mtupu. Mkutano wa wakuu wa mataifa uliopangwa kufanyika Paris mwezi huo ulivunjika.

Wa tatu ni Pryor, na yeye ndiye anayenigusa zaidi. Alikuwa ameandika tasnifu juu ya biashara ya nje ya nchi za kambi ya Kisovieti. Alikwenda Berlin Mashariki, akafika kwenye nyumba ambayo askari wa siri walikuwa wakiiangalia, akakamatwa. Nakala ya tasnifu ilikuwamo ndani ya gari lake. Takwimu alizokusanya kwa ajili ya shahada zikageuka kuwa ushahidi wa ujasusi. Alikaa kizuizini hadi Februari 1962 bila kufikishwa mahakamani, na baadaye aliishi maisha yake kama profesa wa uchumi hadi alipofariki mwaka 2019.

Naomba mniruhusu nieleze kwa nini inanigusa. Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilikwenda katika kijiji kimoja cha pwani kukusanya maneno ya lahaja kwa daftari na kinasa sauti. Siku ya tatu mzee mmoja aliniita. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza: “Mwanangu, umetumwa na nani?” Nikamjibu kwamba nimetumwa na chuo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: “Na hicho chuo kimetumwa na nani?” Sikuwa na jibu. Jioni ile neno mpelelezi lilizunguka kijiji kizima, na kwa muda wa wiki mbili hakuna aliyefungua kinywa mbele ya kinasa sauti changu. Kulikuwa na bibi ambaye wote walimtaja kuwa ndiye mjuzi wa msamiati wa zamani wa uvuvi. Alikataa kuniona. Mwaka uliofuata nilirudi na barua na mwenyeji wa kunitambulisha, lakini yule bibi alikuwa ameshafariki, na maneno aliyoyajua hayamo katika kamusi yoyote niliyoiona.

Simlaumu mzee yule. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko majibu yangu. Mtu anayesikiliza sana, anayeandika kila neno na asiyeeleza waziwazi yeye ni mtu wa nani, hana alama usoni ya kumtofautisha na jasusi. Kinachowatofautisha ni uhusiano wake na wale anaowasikiliza, na uhusiano huo haujengwi kwa siku tatu.

5. Majina na udugu wa bandia

Kisa hiki kina mafunzo mengine kwa mwanaisimu. Rudolf Abel hakuwa Rudolf Abel. Jina lake lilikuwa William Fisher, aliyezaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1903, na wazazi wanamapinduzi waliohama kutoka Urusi. Abel halisi alikuwa ofisa mwenzake aliyekwisha kufa. Kwa kutaja jina la marehemu, Fisher aliwaarifu wakubwa wake kwamba amekamatwa na kwamba hajasema kitu. Kwa kawaida jina la mtu hurejelea mtu. Hapa jina lilifanya kazi ya barua. Mwigizaji Mark Rylance, aliyepata tuzo ya Oscar kwa uhusika huo, amempa lafudhi yenye mwelekeo wa Kiskoti, na mtazamaji makini hubaki akijiuliza mtu huyu ametoka wapi.

Tazama pia istilahi za ukoo. Kwa kuwa Moscow haikutaka kukiri kwamba Abel ni mtu wake, barua zilimjia Donovan kutoka Ujerumani Mashariki kwa jina la “mke” wa Abel. Donovan alipofika Berlin alikutanishwa na “mke”, “binti” na ndugu mmoja wa ukoo aitwaye Drews, ambao wote walikuwa wa kuigiza. Huyo Drews alikuwa ofisa wa KGB, Yuri Drozdov. Mke na binti wa kweli walikuwa Urusi. Neno la Kiingereza alilotambulishwa nalo Drews linamtia mfasiri wa Kiswahili taabuni. Je, ni binamu? Kwa wengi wetu huyo ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Ni mtoto wa baba mkubwa au mama mdogo? Basi ni ndugu, au kaka. Kiingereza kinaruhusu undugu usio na njia, nao unafaa sana kwa uongo. Kiswahili kinadai njia itajwe. Ushauri wangu ni kutumia “ndugu wa Abel”, kwani ndugu ni neno pana linaloweza kubeba ukungu huohuo.

Hata daraja lenyewe lilikuwa na majina mawili. Kwa upande wa magharibi liliendelea kuitwa Glienicke. Ujerumani Mashariki ililiita rasmi Daraja la Umoja, na kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuruhusiwa kulivuka.

6. Mapendekezo kwa wafasiri

Kutokana na hayo yote, natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, mfasiri asitumie neno moja katika filamu nzima. Kinywani mwa mwendesha mashtaka, mwandishi wa gazeti na jirani mwenye hasira, Abel na awe jasusi. Mkubwa wake wa Moscow hawezi kumwita hivyo. Kwake ni ofisa wetu au mtu wetu. Wale wa FBI ni wapelelezi. Mtazamaji akisikia tofauti hiyo ataelewa mgogoro wa filamu bila maelezo ya ziada.

Pili, istilahi za sheria zifuatwe kwa mpangilio wake. Kabla ya kushtakiwa mtu ni mtuhumiwa; akisomewa mashtaka ni mshtakiwa; akihukumiwa kifungo ni mfungwa. Magazeti yetu huandika “jasusi akamatwa” siku ya kwanza, kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, na uzembe huu hauwezi tena kuhesabiwa kuwa ni suala la mtindo tu. Utetezi wote wa Donovan ulisimama juu ya tofauti kati ya mtu anayetuhumiwa na mtu aliyehukumiwa.

Tatu, mfasiri ataje hadhira yake. Tafsiri ya Nairobi inaweza kuita shirika la CIA idara ya ujasusi bila wasiwasi. Kwa hadhira ya Tanzania neno hilohilo litasikika kama shutuma, na penginepo ndiyo shutuma inayotakiwa.

7. Hitimisho

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Napendekeza Daraja la Majasusi. Kichwa cha filamu ni sauti ya umma, na umma wa pande zote mbili uliwaita watu wale majasusi: Moscow ilimwita hivyo Powers, New York ilimwita hivyo Abel, Berlin Mashariki ilimwita hivyo Pryor. Filamu huanza na neno hilo, kisha kwa muda wa saa mbili na zaidi inatuonyesha kwamba halitoshi. Mtu wa kwanza alistahili kuitwa hivyo na bado alistahili wakili. Wa pili alikuwa mwajiriwa aliyekanwa na waliomtuma. Wa tatu alikuwa mwanafunzi mwenye tasnifu garini. Tafsiri nzuri itaanza na neno la umma na kumwachia mtazamaji kulipima.

Nanyi wanafunzi mnaojitayarisha kwenda uwandani mwaka huu, kabla ya kufungua daftari, kaeni na wenyeji mpaka muweze kulijibu swali la mzee yule. Mimi lilinigharimu msamiati mzima wa bibi mmoja.